Kuzima taa ya moteri si kuponyesha gari

Siku hizi mu garaji za Kasongo kuna chombo kipya kando ya funguo na krike: ordinateri. Kijana anafika na kisanduku kidogo, anakichomeka chini ya usukani, na baada ya dakika chache anamwambia mwenye gari kwamba anaweza kubadilisha programu ya moteri. Gari itapata nguvu, itakunywa mazutu kidogo, na ile taa ya rangi ya machungwa itazima. Mwenye gari anasikiliza, sababu safari ya Kabambare au Salamabila si ya mchezo. Gari isiyo na nguvu haivuki matope ya mvua.

Tuanze na wale ambao habari hii haiwagusi. Kama uko na Land Cruiser ya zamani yenye moteri ya 1HZ, ile ya litre 4.2 na silinda sita bila turbo, ambayo mashirika na zone za afya walizizoea sana, wewe lala usingizi. Pompe yake inafanya kazi kwa chuma na mafuta, haina programu ya kubadilisha. Na wenye moto pia: nyingi za kwetu zingali za karburateri. Shida iko kwa magari ya miaka ya karibuni, yale yanayotoka Japani au Dubai, yanashuka Dar es Salaam, yanapita Kigoma na Kalemie mpaka huku kwetu. Hayo yote yanaongozwa na kalkulateri.

Kalkulateri ni nini? Ni kisanduku cha chuma chenye kupokea habari kutoka kwa kapteri: hewa ngapi inaingia, moteri iko na joto gani, shofa amekanyaga namna gani. Kiisha inaamua mazutu ngapi iingie na wakati gani. Mu moteri hizi mpya, mazutu inasukumwa kwa nguvu ya bari 1,600, mara nyingine zaidi ya 2,000. Mpira wa gari yako uko na bari 2 au 3 tu. Juu ya hiyo, usiweke kidole kamwe kutafuta mahali tiyo ya enjekteri inavuja wakati moteri inawaka. Mazutu inapasua ngozi na kuingia mwilini, na mtu anaweza kupoteza mkono. Mafundi wetu wa pompe za zamani walizoea kupapasa na vidole. Hapa haifai.

Sasa, kubadilisha programu maana yake ni kuandika upya zile hesabu: mazutu izidi, turbo isukume zaidi, mipaka iondolewe. Ulaya na Marekani watu wanafanya hivyo kwa kupenda mbio. Kwetu sababu ni nyingine, na hapa ndipo naona watu wengi wanakosea kuelewa jambo lenyewe. Hakuna mtu wa Kasongo anayetafuta kukimbia kilometa 200 kwa saa. Hata 40 ukifika, mshukuru Mungu. Watu wanalipa ili taa izime na gari irudishe nguvu yake.

Na nguvu ilipotelea wapi? Mara nyingi kalkulateri yenyewe ndiyo imeipunguza. Iliona kitu kibaya, ikafunga mlango kidogo ili moteri isife. Shofa anasema gari imekufa, kumbe gari inajilinda. Unapoandika programu ya kuzima ulinzi huo, ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya maumivu ili abebe mzigo na mguu uliovunjika. Atatembea, ni kweli.

Kitu kibaya chenyewe tunakijua sote. Tazama mazutu yetu inavyosafiri: kutoka pipa hadi pipa, kutoka bidoni hadi chupa ya kadafi pembeni ya njia, na kila mara inafunguliwa mu vumbi ao mu mvua. Maji yanaingia, mchanga unaingia. Enjekteri ya gari mpya iko na matundu madogo sana, na maji peke yake yanatosha kuiharibu. Halafu kuna salfa. Ulaya tangu 2009 mazutu ya magari haipashwi kuzidisha sehemu 10 za salfa kwa milioni. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi walikubaliana kipimo cha 50 kuanzia Januari 2015. Kongo yetu imeingia mu jumuiya hiyo ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Lakini jumuiya haina mkono mu bidoni ya kadafi wa sokoni.

Gari iliyotengenezwa kwa mazutu safi inafika hapa na filtere ya moshi mu tiyo yake. Filtere hiyo inakusanya masizi, kiisha inayachoma yenyewe, lakini inahitaji joto karibu ya digrii 600. Joto hilo linapatikana gari ikienda mbio kwa muda mrefu. Ni wapi utaenda mbio kati ya Kasongo na Lusangi? Basi filtere inajaa, taa inawaka, nguvu inapungua. Fundi anakata filtere, anachomelea tiyo tupu, halafu anahitaji programu ya kudanganya kalkulateri ili isiulize filtere imeenda wapi. Mimi simlaumu haraka. Barabara na mazutu ndiyo vilianza kuikataa ile gari. Lakini mwenye gari lazima ajue ananunua nini.

Ajue kwanza kwamba hatari ya kwanza kabisa inakuja kabla moteri haijawaka. Wakati programu mpya inaandikwa, batiri inapashwa kuwa na nguvu bila kutetereka. Ikishuka katikati ya kazi, kalkulateri inabaki na nusu ya maandiko ya zamani na nusu ya mapya, na gari haiwaki tena. Sasa fikiria: sisi tunaishi kwa pano za jua na jenereta. Ordinateri yenyewe inazimika ikikosa chaji. Kazi ambayo Nairobi ao Lubumbashi inafanyiwa kwenye batiri iliyounganishwa na chaja nzuri, hapa inafanywa chini ya mwembe na batiri iliyochoka, tena na chombo cha kuiga cha bei ya chini na programu ya wizi iliyopakuliwa mu telefoni. Kalkulateri ikifa, huipati Kasongo. Tangu Goma ilipoanguka mu mikono ya M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, njia ya pyesi ambayo watu wengi wa Maniema walizoea imekatika. Kinabaki Kalemie, Lubumbashi, ao Kindu kwa ndege, na subira.

Hatari ya pili inakuja polepole. Pistoni za magari haya ni za aluminium, na aluminium inayeyuka ikifika digrii 660. Moshi unaotoka mu silinda ya mazutu, gari ikibeba mzigo mkubwa kwenye kilima, unaweza kupita hapo. Pistoni inaokoka sababu inapozwa na mafuta ya moteri, na sababu kampuni ilipima mazutu isizidi. Ukizidisha mazutu bila kuzidisha hewa, unaona moshi mweusi na unafurahi: gari iko na nguvu! Huo moshi mweusi ni mazutu uliyolipa franga zako, imekosa hewa ya kuungua vizuri. Na filtere ya hewa yenye vumbi la wakati wa kiangazi inazidisha jambo. Turbo nayo, ambayo kwa kawaida inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inasukumwa kupita kipimo chake. Ambreyaji inaanza kuteleza. Haya yote hayatokei siku ya kwanza. Siku ya kwanza gari inapanda vizuri, na kijana anasifiwa mu mtaa mzima.

Kuna kitu kingine watu hawajui. Kampuni inapotengeneza programu, inaacha nafasi. Inajua kuna mnunuzi atakayeishi mahali pa joto, mwenye mafuta mabaya, atakayechelewa kubadilisha filtere. Wale wanaobadilisha programu wanauza nafasi hiyo. Mtu wa Ubelgiji anaweza kuiuza, yeye hana matumizi nayo. Sisi tuliitumia yote tangu bidoni ya kwanza. Na faili nyingi wanazoleta vijana zilitengenezwa kwa mazutu ya huko.

Kwa nini radio ya jamii inajishughulisha na moteri za watu? Sababu gari moja kwetu si ya mtu mmoja. Inabeba muchele, chumvi, wagonjwa, mama mwenye kutaka kuzalia hospitali, na mwanafunzi anayekwenda mtihani. Ikikatika moteri kati ya Kasongo na Kabambare usiku, wale walio juu ya mzigo ndio wanalala porini. Na hali ya usalama upande wa Salamabila kila mtu anaijua.

Kuna pia moshi. Juni 2012, shirika la utafiti wa kansa la OMS lilitangaza kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa kwa binadamu. Mama anayeuza makala ao samaki pale magari yanapopakia anauvuta kutwa, na hakuulizwa kama filtere ikatwe. Lakini tusijidhanie kwamba udanganyifu huu ulizaliwa Afrika. Septemba 2015 dunia iligundua kwamba Volkswagen wenyewe waliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi, na magari karibu milioni 11 yalihusika. Mwaka 2020 serikali ya Marekani ilihesabu kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za mazutu ziliondolewa vyombo vya kusafisha moshi kwa muda wa miaka kumi. Kwao kuna sheria na faini. Kwetu, kwenye bariyeri wanaomba makaratasi, na hakuna anayechomeka ordinateri kuona kalkulateri inasema nini. Kusema kweli, labda ni afadhali, ingekuwa taksi nyingine mpya.

Mafundi wazuri tunao. Kusoma kalkulateri ni kazi nzuri sana, na tungetaka vijana wengi waijue. Kusoma hakuharibu kitu. Kuandika ndiko kunakoharibu. Basi kama uko na gari ya namna hii na taa imewaka, mwambie fundi akuonyeshe kode yenyewe, usikubali jibu la "ni programu". Kwanza mwageni maji yaliyo chini ya filtere ya mazutu, mubadilishe filtere hiyo na ya hewa, mutazame tiyo za turbo kama zimepasuka. Chuja mazutu kwa kitambaa kizito na uiache itulie kabla ya kumimina, ule uchafu wa chini usiuguse. Mara nyingi nguvu inarudi hapo, bila ordinateri.

Ikilazimu kuandika, fundi asome kwanza programu ya asili, aihifadhi, na akupe nakala yako mu fleshi, si abaki nayo yeye tu mu ordinateri itakayoibiwa kesho. Akikataa ao akisema chombo chake hakiwezi kusoma, basi hataweza kuirudisha. Batiri iunganishwe na chaja ao na batiri ya gari nyingine nzima.

Na wewe unayenunua gari Dar es Salaam ao Kalemie: kalkulateri inabeba namba ya programu yake, na chombo cha kusoma kinaionyesha. Ipige picha siku unapolipa. Tazama pia tiyo ya moshi chini ya gari kama ina alama za kuchomelea pale filtere inapokaa, hata kama taa haiwaki. Ukiweka ufunguo kabla ya kuwasha, taa ile ya machungwa inapashwa kuwaka kidogo halafu izime. Kama haiwaki kabisa, kuna mtu amekutangulia.