Kompyuta Nzima Inapokataliwa

Upatanifu kati ya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kazi zote za kompyuta, na vifaa vinavyoiunda kompyuta hiyo hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la umri tu: mashine huzeeka, programu husonga mbele, na hatimaye viwili hivyo huachana. Hoja ya makala hii ni kwamba kuachana huko, kwa sehemu kubwa, ni uamuzi wa mwenye mfumo, na kwamba gharama yake huwaangukia watu wasioulizwa, wakiwemo wenye saiba, yaani maduka ya huduma za intaneti, wa Awasi nchini Kenya, pale barabara ya Kericho inapotengana na ile ya Chemelil na Muhoroni.

Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inalionyesha jambo hili waziwazi. Microsoft iliitaka mashine iwe na TPM 2.0, kijenzi cha usalama kinachotunza funguo za siri mbali na programu za kawaida. Mashine hiyo pia ilitakiwa iweze kuwaka kwa utaratibu unaohakikisha kuwa mfumo haujachezewa. Na prosesa yake iwemo katika orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa Intel, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha 8 kilichoingia sokoni mwaka 2017. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma. Kwa hiyo laptopu ya mtumba iliyotoka katika ofisi ya Ulaya, yenye prosesa ya kizazi cha 6, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski isiyo na lawama, huchapa barua na kufungua tovuti bila kukwama, ila kisakinishi cha mfumo mpya huikataa. Sharti la TPM linaweza kutetewa kwa hoja ya usalama. Orodha ya prosesa ni vigumu zaidi kuitetea, kwa kuwa waliokwepa ukaguzi huo wameona mfumo ukienda vizuri katika mashine nyingi zilizoachwa nje.

Upatanifu wenyewe ulianza kama ahadi ya kibiashara. IBM ilipotangaza ukoo wa System/360 mwezi Aprili 1964, iliwaambia wateja kwamba programu iliyoandikwa kwa mashine ndogo ingefanya kazi katika mashine kubwa ya ukoo huohuo, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida. Mwaka 1973 Unix iliandikwa upya kwa lugha ya C, na hivyo ikawa rahisi kuihamishia kwenye mashine za aina nyingine. Kinachotolewa kwa ahadi huweza kuondolewa kwa tangazo.

Katika saiba, hata hivyo, tatizo halianzi na prosesa. Huanza na kazi iliyomleta mteja. Fomu ya marejesho ya kodi katika iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya, imekuwa kwa miaka mingi jedwali la Excel ambalo mhudumu hulipakua, akaruhusu makro, yaani vijiprogramu vilivyomo ndani ya jedwali, akalijaza, akabonyeza kitufe cha kuhakiki, na ndipo akapata faili la zip la kupandisha kwenye tovuti. Jedwali linaitegemea programu ya ofisi, tovuti inategemea kivinjari, navyo vyote vinautegemea mfumo endeshi: tangu Februari 2023, kuanzia toleo la 110, Chrome haiingii tena katika Windows 7 wala 8.1. Juu ya hayo, printa na skana huhitaji viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa, na kiendeshi ambacho mtengenezaji ameacha kukihudumia huweza kuigeuza printa nzima kuwa meza ya kuwekea karatasi.

Linux husifiwa kama njia ya kutokea, na kwa kompyuta nyingi za kizazi cha 6 sifa hiyo inastahili. Lakini nayo ina mipaka yake: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32, baadhi ya kadi za Wi-Fi hudai programu dhibiti isiyo huria, na jedwali lenye makro za Excel si lazima litii katika LibreOffice. Kwa sababu hiyo, idara ya umma inayomlazimisha raia kutumia huduma ya mtandaoni inapaswa kuijaribu kwanza katika mashine zilizopo Awasi, na kutangaza mapema mifumo na vivinjari ambavyo itaacha kuvihudumia, pamoja na tarehe.