Mwanamuke pasipo bwana naye iko na familia



Siku ya mposho iliyopita, ku mukutano wa sendika yetu, niliinua mukono. Tulikuwa tunapanga maombi ya kupeleka mbele ya kampuni kwa ajili ya mapatano mapya ya kazi, ile tunaita convention collective. Wandugu walikwisha kuomba viatu, maziwa, prime ya usiku na basi ya pili ya asubui. Mimi nikasema: tuandike pia kwamba mufanyakazi asiye na bibi ao bwana aweze kuandikisha muzazi wake muzee ku karti ya matunzo.

Chumba nzima ikacheka. Ndugu mumoja, mutu muzuri, tunatumika naye miaka kumi sasa, akanijibu: «Mama, weye olewa kwanza, ile mambo itajipanga yenyewe.»

Nami nilicheka, sababu nimekwisha kuzoea. Lakini usiku ile usingizi haukukuja. Ndiyo maana leo ninaandika.

Niko na miaka 46. Ninatumika ku magazini ya mine, ninatunza vifaa, na niko delege wa sendika. Sikuolewa. Sina laana, sikukataa wanaume, na sikukuwa na kiburi ya masomo, maana niliishia ku secondaire. Maisha ilipita tu.

Baba yetu alikuwa mutu wa Gécamines. Tulikomalia mu kampi, tulikula bukari ya posho, na wazee walikuwa wanasema kampuni njo baba, kampuni njo mama. Mu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakatoka na ile mupango ya départs volontaires. Baba alikuwa mumoja wao. Feza aliyopewa haikumaliza mwaka. Mimi nilikuwa mutoto wa kwanza, nyuma yangu kulikuwa wadogo watano. Kijana mumoja alikuwa amekwisha kujionyesha ku nyumba, mutu wa heshima. Nikamuomba angojee, nisomeshe wadogo kwanza. Alingojea miaka mbili, kisha akaoa fasi ingine. Simulaumu hata kidogo. Wakati mudogo wa mwisho alipata diplome yake, mimi nilikuwa na miaka 38. Mu jamaa zetu za mine, wanamuke wa namna hiyo tuko wengi. Tulishika fasi ya baba, basi fasi ya bibi ikatupita.

Tusiseme uongo: maisha ya peke yake iko na uzuri wake. Mushahara wangu unaingia mu mukono yangu. Siku ya yenga ninalala mpaka saa tatu ya asubui, na hakuna mutu anauliza chakula iko wapi. Likelemba yangu ikifika, ninajua mbele kazi yake. Mu mwaka 2012 nilinunua lupango. Nilitia sahihi mwenyewe, nikalipa, nikatoka na karatasi yangu. Rafiki yangu wa ndoa, mwenye feza kunipita, alibaki anangojea bwana yake akubali. Wakati ule Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987 ilikuwa ingali inamulazimisha bibi wa ndoa kupata ruhusa ya bwana mbele ya kufanya mapatano ya namna hiyo. Ile ruhusa iliondolewa tu na sheria ya 15 Julai 2016. Kwa hiyo wakati mutu ananisikitikia, ninakumbuka siku ile ya lupango, na kichwa kinasimama tena.

Lakini uzito wake nao uko. Mbele ya kujenga, nilitafuta nyumba ya kupanga. Swali ya kwanza ya mwenye nyumba haikuwa feza, ilikuwa: «Bwana yako iko wapi?» Wawili walinikatalia garantie yangu ikiwa mu mukono. Ku matanga, wanamuke wa ndoa wanakaa pamoja na kuongea mambo ya wakubwa; mimi wananituma ku mbabula, sawa musichana wa miaka 20. Ku ndoa za wadogo, mimi njo wa kwanza kuchanga na wa mwisho kuulizwa mawazo. Na usiku malaria inanikamata, nani atachemsha maji? Ninabaki kugonga ku ukuta wa jirani.

Tena kuko ile jina moja wanatupa nyuma ya mugongo: ndumba. Bibi ya mufanyakazi mwenzangu aliacha kunisalimia sababu bwana yake alinipandisha ku moto mvua ilipokuwa inanyesha. Jina hiyo haikuzaliwa jana. Wakati wa Wabeleji, mu miji yetu, mwanamuke aliyeishi peke yake alilipishwa kodi ya pekee, hata kama alikuwa anauza mboga tu ku soko. Na Union Minière, tangu ilipoanza kutaka wafanyakazi wakae mu kampi na jamaa, ilipanga nyumba na posho kwa kufuata bwana, bibi na watoto. Mwanamuke aliingia mu kampi na jina ya bwana ao ya baba. Wabeleji walikwenda, ile hesabu ikabaki mu vichwa vyetu.

Na ilibaki mu makaratasi pia. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inalazimisha bosi kutunza mufanyakazi na familia yake anapokuwa mugonjwa. Ni jambo nzuri, na sendika inalinda ile haki kwa nguvu. Lakini familia, ku biro ya kampuni yetu, ni bibi ao bwana, pamoja na watoto. Mwenzangu mwenye bibi na watoto saba, watu tisa wanatunzwa. Wasipunguze hata mumoja! Mimi nilikuwa ninahesabiwa mutu mumoja. Mutoto wa marehemu mudogo wangu, ninayemulea, aliingia ku karti kisha mimi kuleta karatasi ya ulezi kutoka tribinali, miezi tisa ya kwenda na kurudi. Wamama wenye kulea watoto wa ndugu, musikae bule: mukaulize ile karatasi, inasaidia.

Kwa mama yangu, hapana karatasi ya kuleta. Iko na miaka 73, na tansio, na sukari. Ninakaa naye nyumba moja, tunakula sahani moja. Kila mwezi dawa yake inakula robo ya mushahara wangu. Siku moja usiku alianguka, nikamubeba mpaka ku lopitali ya kampuni. Ku mulango wakauliza karti. Nikaonyesha yangu. Wakasema: «Hii ni ya weye, mama, haiko ya muzee.» Tukatoka, tukatafuta moto, tukaenda kulipa fasi ingine. Mama alipona. Lakini ile njia mu giza, sitaisahau.

Najua kampuni itasema: ni feza mingi. Ifanye hesabu muzuri. Hatuombi familia nzima ya muji. Tunaomba muzazi mumoja, anayekaa mu nyumba ya mufanyakazi asiye na bibi ao bwana. Sheria inaweka chini yake tu. Mapatano ya kazi yanaweza kutoa zaidi ya sheria, hakuna anayekataza.

Na ninyi wandugu muliocheka, muangalie vizuri. Haiko mambo ya wanamuke peke yake. Mu magazini yetu kuko baba wawili waliofiwa na bibi zao, na vijana ambao mahari imewashinda. Wao nao wako na mama ku nyumba.

Siku ya mposho inayokuja mukutano unaendelea. Nitainua mukono tena, na ombi langu ni lile lile. Safari hii nimeliandika ku karatasi, na wenzangu kumi na mumoja wamekwisha kutia sahihi. Wa kwanza kutia ni yule ndugu aliyeniambia niolewe kwanza. Alikuja ku magazini yeye mwenyewe, akaomba bic, akaniambia: «Mama, hata mimi niko na mama.»