Tuwafungulie Watoto Ukumbi



Ndugu waamini wapendwa, juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo: michezo ya watoto wetu wa darasa la tano hadi la saba, hasa wakati wa mvua. Nalianza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Jumamosi moja ya masika mwaka jana, baada ya mafundisho ya Kipaimara, mvua kubwa iliwazuia watoto kurudi makwao. Walikuwa wapata thelathini. Wakasogeza mabenchi ukutani, wakachukua soksi kuukuu, wakazijaza matambara na kuanza kucheza rede ndani ya ukumbi wa parokia. Nilipofika kutoka ofisini, nilikuta benchi moja limevunjika mguu na kioo cha dirisha kimepasuka. Mvua ilipopungua niliwatoa nje, nikafunga mlango. Dominika iliyofuata nilitangaza kwamba ukumbi ni kwa ajili ya mikutano na sherehe tu. Wazazi wengi walinipongeza.

Jumamosi zilizofuata, mvua iliponyesha, watoto wale wale walicheza barazani mwa duka moja lililofungwa, kando ya barabara. Juma la tatu mpira uliponyoka ukaingia barabarani. Kijana wa miaka kumi na mmoja aliufuata, pikipiki ikamgonga, akavunjika mguu. Nilipomtembelea hospitalini hakulalamika hata kidogo. Aliniuliza tu kama kile kioo kimekwisha kutengenezwa. Leo anatembea vizuri, namshukuru Mungu, lakini swali lake bado ninalo.

Nilidhani nimezuia fujo. Kumbe watoto hawakuacha kucheza kwa sababu paroko amefunga mlango. Walihama tu, wakaenda mahali pa hatari.

Wapo watakaouliza: Je, watoto wakubwa kama hawa bado wanahitaji michezo? Hawajavuka umri huo? Mimi naona umri huu ndio unaohitaji mchezo wenye uzito zaidi. Mtoto wa chekechea huridhika na kuzunguka na kuimba. Mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili anataka kanuni, timu, ushindi na haki. Tazameni wanavyobishana kama mpira ulimgusa mtu au haukumgusa. Katika ubishi huo wanajifunza kusema kweli hata pale ukweli unapowatoa mchezoni, kukubali hukumu ya wenzao na kumpokea tena aliyekosa. Hayo hatuwezi kuwafundisha kwa hotuba peke yake.

Mwili nao una madai yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za shughuli zinazoutia mwili jasho. Na Sheria ya Mtoto ya nchi yetu, ya mwaka 2009, inautaja mchezo pamoja na chakula, mavazi, matibabu na elimu miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu kumpatia mtoto. Kwa hiyo mchezo si zawadi ya mtoto aliyefaulu, wala kuunyima si adhabu ya kutumia ovyo.

Najua hofu ya wazazi ni mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kwa hofu hiyo mtoto hutoka shuleni akaenda tuisheni, na arudipo nyumbani hukabidhiwa daftari. Siwalaumu, nami ningependa wafaulu wote. Lakini mtoto aliyeketi tangu asubuhi hadi magharibi hasomi tena, anatazama kitabu tu. Na siku ya mvua, akiisha kuchoka, huangukia televisheni au simu ya mama, akabaki ameketi vile vile. Saa moja ya kukimbia na kucheka haimwibii mtihani wake.

Tena tuseme kweli juu ya binti zetu. Afikapo darasa la tano, kaka yake huachwa aende kucheza, yeye hupewa ndoo na ufagio. Ni vema watoto wafanye kazi za nyumbani, ila wafanye wote, na wote wapate saa ya kucheza. Rede ni mchezo ambao wasichana waliupenda na kuutawala tangu zamani. Si haki wawe watazamaji wake.

Katika kutafakari hayo niliwakumbuka watu wawili. Wa kwanza ni Mtakatifu Yohane Bosco. Kati ya mwaka 1844 na 1846 alihamahama na vijana wake mjini Torino, Italia, akifukuzwa mahali hata mahali kwa sababu majirani hawakuvumilia makelele ya michezo yao. Hatimaye, Pasaka ya mwaka 1846, walipata banda duni pale Valdocco, na uwanja wa kuchezea ukawa sehemu ya malezi yake daima. Nilipokumbuka habari hiyo niliona haya, kwani nilikuwa nimesimama upande wa wale waliomfukuza.

Wa pili ni mwalimu James Naismith. Desemba 1891, mjini Springfield, Marekani, baridi kali iliwafungia wanafunzi wake ndani, nao wakawa wakorofi kwa kukosa mchezo. Naismith hakuwaamuru waketi kimya. Alitundika vikapu viwili vya matunda, akaandika kanuni 13, akawapa mpira. Hivyo ukazaliwa mpira wa kikapu unaochezwa leo duniani kote. Chumba kilikuwa kile kile na vijana wale wale. Kilichoongezeka ni kanuni, na mtu mzima aliyejali.

Sisi hatuna haja ya kubuni mchezo mpya. Rede yaweza kuchezwa ukumbini kwa mpira laini wa soksi, na badala ya kujaza chupa mchanga, aliye katikati ajaze kopo kwa vizibo vya soda huku akikwepa. Kamba mbili zatosha watoto kumi na wawili kuruka kwa zamu. Katika nyama-nyama kiongozi hutaja wanyama upesi upesi. Wote huruka akitaja anayeliwa, na anayeruka kwa jina la fisi hutoka. Mchezo huo huchezwa pale pale mtu aliposimama, basi hata sebule ndogo yaufaa. Aliyechoka, au ambaye miguu yake haimruhusu kukimbia, awekewe mdako au bao. Kete 64 katika mashimo 32 humfundisha hesabu bila yeye kujua, ila mezani nako apate zamu ya kushinda na kushindwa kama wengine.

Baada ya kushauriana na halmashauri ya walei, tumeamua hivi. Kuanzia Jumamosi ijayo ukumbi utakuwa wazi kwa watoto kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana, mvua inyeshe isinyeshe, isipokuwa siku ya msiba au harusi. Mabenchi yatatolewa, madirisha yamekwisha kuwekewa nyavu, na yule kijana aliyevunjika mguu ndiye aliyenishikia ngazi nilipokuwa nikizifunga. Ninachokosa ni watu wazima wawili kila juma watakaokaa nao: si wa kuwakaripia, bali wa kuamua ubishi na kufunga kidonda kinapotokea. Naomba kila jumuiya ndogo ndogo ichukue Jumamosi yake.

Zamu ya kwanza nitaishika mwenyewe. Vioo vingine huenda vikapasuka; tutavinunua.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu