Tuijue Sufu Kabla ya Kununua Gurudumu

Kila Agosti 8 viwanja vya Nanenane vya hapa Njiro hujaa watu waletao mazao na kazi za mikono. Yuko mwenye kuuliza: kwa nini vikundi vyetu visisokote nyuzi za sufu na kufuma masweta, hali baridi ya Meru twaijua na masweta tuvaayo mengi ni ya mitumba? Wazo hili twaliunga mkono. Lakini yafaa lianzie mahali pake, nalo halianzii kwenye gurudumu la kusokotea. Gurudumu seremala hodari aweza kulichonga. Mwanzo ni sufu yenyewe.

Tuwatazame kondoo tulio nao. Kondoo mwekundu wa Kimasai na yule wa kichwa cheusi hawana sufu ya kusokota. Manyoya yao ni mafupi na magumu, nayo hayashikani uzi uvutwapo. Hiyo si kasoro. Kondoo wa Kimasai hustahimili minyoo ya tumbo, ambayo huwaangamiza wageni wengi, na anayetaka kumchanganya ovyo ili apate sufu atapoteza nguvu hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi Delamere aliwaleta Njoro, Kenya, kondoo wa Merino kutoka New Zealand, na wengi wao walikufa. Kondoo wa sufu hupenda nyanda za juu zenye baridi, kama za Molo, nao hutaka matunzo makubwa.

Basi kwa wengi wetu wa Njiro sufu itakuwa kitu cha kununua. Hapo ndipo hatari ilipo, maana asiyeijua mali hupangiwa bei na anayeijua.

Sufu mbichi hutoka kwa kondoo na mafuta, jasho, vumbi na miiba. Ikioshwa yaweza kupoteza nusu ya uzito wake. Kikundi kikinunua kilo 10 gizani, huenda kimelipia kilo 5 za uchafu. Kwa hiyo kabla ya mizani, mwageni gunia juu ya turubai safi. Toeni kingo zenye mavi na manyoya ya tumbo. Sufu ya mabegani kwa kawaida ndiyo bora. Ya mapajani huwa nene zaidi.

Kisha tazameni wembamba. Wataalamu huupima kwa maikroni, yaani sehemu ya milioni ya mita. Merino huwa kama 18 hadi 24, na Corriedale kama 25 hadi 31. Asiye na kipimo na atazame mawimbi ya unywele: mara nyingi yakisongamana, sufu ni nyembamba na yafaa nguo ya kugusa shingo. Iliyo nene si ya kutupwa. Hiyo ni ya mazulia na mifuko. Urefu nao ni jambo, kwani anayejifunza husokota kwa urahisi sufu ya sentimita 8 hadi 12 kuliko iliyo fupi.

Mwisho pimeni nguvu. Shikeni kishungi chembamba kwa ncha zake mbili karibu na sikio, mkivute kwa ghafla. Kikilia kwa kukatika, kondoo huyo aliugua au alishinda njaa sufu ikikua, na uzi wake utakatika pale pale. Na katika kuosha, tumieni maji ya moto na sabuni bila kusugua. Sufu ikisuguliwa katika maji ya moto hujifunga ikawa kama blanketi, wala haifunguki tena.

Haya yote hayahitaji mkopo wala mfadhili. Yahitaji macho, vidole na sikio. Twapendekeza kila kikundi kichague watu wawili wajifunze kupanga sufu kwa madaraja, na bei ifuate daraja, si uzito wa gunia lililofungwa. Huko Nanyuki, Kenya, akina mama wamesokota na kufuma sufu kwa mikono tangu miaka ya 1970. Twende tukajifunze kwao kabla hatujachangishana fedha.

Wazee husema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini mbele ya mnunuzi asiyejua kutazama, kibaya nacho hujiuza. Tusiwe sisi mnunuzi huyo.