Buti Lililotoboka

Wapo waungwana wanaoamini kwamba ukishamkabidhi kibarua jozi ya mabuti ya mvua, naye akatia sahihi katika daftari la stoo, basi wajibu wako umekwisha na mguu wake ni shauri yake. Nimekuwa bwana shamba kwa miaka mingi katika Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili zilizopakana, na imani hiyo nimeikuta kila mahali, kuanzia bustani za mboga kando ya mto Ruvu hadi kwenye mikorosho ya Maneromango. Nasema ni imani potofu, tena ya hatari.

Tuangalie buti lenyewe lina kazi gani. Bondeni Ruvu linamkinga mtu na maji ya kichocho na vijidudu vya safura, ambavyo hupenya ngozi ya mguu bila kubisha hodi. Katika vichaka vya Kisarawe linamkinga na kifutu, nyoka mvivu asiyekimbia, anayejilaza majanini mpaka akanyagwe. Wengi wanaoumwa na nyoka mashambani huumwa chini ya goti, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017. Kwa mpulizaji wa dawa, bomba likiwa mgongoni linavuja, buti ndilo ukuta wake wa mwisho.

Sasa ukuta huo ukipata ufa? Jibu ninaloletewa ni kwamba afadhali buti bovu kuliko kwenda peku. La hasha! Mtu aliye peku akimwagikiwa dawa huiona, akakimbilia maji. Dawa ikiingia katika buti lililotoboka haionekani. Inakaa mle ndani pamoja na jasho, imeubana mguu tangu asubuhi hadi jioni, na mwenye mguu anajihesabu kuwa amejikinga. Buti bovu linamdanganya mvaaji, na linamdanganya zaidi mkaguzi anayepita njiani na kuona miguu yote imevishwa.

Nimejibiwa pia kwamba vibarua hawatunzi vitu. Mimi huuliza: watunzie wapi? Shamba moja nililokuwa nikilitembelea upande wa Mlandizi, ambalo sitalitaja, lilikuwa na kibanda cha mapanga na majembe, kila mpini na msumari wake, na tupa ya kunolea imefungwa kamba isiibwe. Mabuti yalitupwa juu ya paa la bati. Jua la Pwani juu ya bati huikausha plastiki hata ikakakamaa, kisha ufa unaanzia pale mguu unapokunjwa, nyuma ya vidole. Halafu tunalaumu mchina aliyelitengeneza! Walikuwapo pia akina mama waliopewa mabuti ya saizi ya wanaume, wakajaza matambara mbele ili yasiwavuke. Tambara lililolowa dawa ndani ya buti, ndugu msomaji, ni jambo la kuogofya.

Matunzo yenyewe hayana elimu kubwa. Buti lioshwe nje na ndani kabla halijavuliwa harufu ya kazi, litundikwe kichwa chini kivulini, lijazwe magazeti makavu likilowa, na asubuhi likung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana nge na tandu nao wanapenda nyumba yenye giza. Anayepulizia dawa ateremshe suruali juu ya buti. Akiichomeka ndani, kila tone linalotiririka pajani litaingia lenyewe.

Kuna jamaa wengine ambao kazi yao ni mchezo na bado wanatuaibisha. Warukaji wazoefu wa miavuli, wale wanaoshikana mikono angani, huvaa suti ambayo suruali yake huishia kwa kitambaa kinachofunika kiatu kizima na kukamata upepo, ili mguu uweze kumsukuma mtu kama kasia. Angani kitambaa hicho hakichakai. Kinachakaa ardhini, kwa hatua chache za kutembea juu ya changarawe. Kwa hiyo hukivua kisiginoni na kukikunja kabla ya kutembea, hushonea ncha yake kitambaa kigumu, na kikitoboka hukipeleka kwa fundi upesi. Hayo yote kwa ajili ya starehe ya dakika moja. Mpalizi wetu hukanyaga visiki saa nane kwa siku.

Kuhusu kuziba, hapa tunadanganyana sana. Mabuti ya kwanza ya namna hii yalikuwa ya mpira. Mmarekani Hiram Hutchinson alianza kuyatengeneza Ufaransa mwaka 1853, akiwalenga wakulima waliovaa viatu vya mti. Buti la mpira halisi fundi pancha analiweza: analikwangua, anapaka solusheni, anabandika kiraka cha tyubu. Lakini mengi yanayouzwa sasa ni ya plastiki, na kiraka cha tyubu juu ya plastiki kitabanduka kabla ya wiki kwisha. Plastiki inataka gundi yake, au kuyeyushwa kwa chuma cha moto kama tunavyoziba ndoo, nje penye upepo, baada ya kuoshwa vizuri.

Lililozibwa nalikubali kwa kupalilia. Kwa kupulizia dawa silikubali hata kidogo, na hapo ndipo ninapogombana na wenye mashamba, kwa kuwa wanaona ninawaongezea gharama. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, ya usalama na afya mahali pa kazi, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Wao wameisoma kama sadaka ya mara moja. Kifaa kilichotoboka kimeacha kukinga, kwa hiyo mfanyakazi yule hajapatiwa kitu, hata kama sahihi yake iko daftarini. Apewe jozi nyingine kabla bomba halijajazwa tena.