Je, Ni Haki Kuuliza Mshahara wa Zamani?



Ninyi mnaokaribia kumaliza masomo, siku moja mtaketi mbele ya meza ya mwajiri. Atawauliza habari za vyeti vyenu na kazi mnazoziweza. Hayo ni haki yake. Lakini wengi huongeza: "Huko ulikotoka ulikuwa ukilipwa kiasi gani?" Mimi nasema swali hilo si la haki.

Nilipotoka shule baba alikuwa mgonjwa, na wadogo zangu walihitaji karo. Nikapokea kazi ya ukarani hapa Kampala kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, maana njaa haichagui. Baada ya miaka mitatu niliomba kazi mahali pengine. Nikaulizwa swali hilo, nikajibu kweli, nikapewa 350,000. Mwenzangu wa meza ya pili, mwenye cheti kama changu na kazi kama yangu, alipata 600,000. Basi shida ya nyumbani kwetu ilinifuata hata katika ofisi mpya.

Si mimi tu. Huko California, Marekani, mwalimu wa hesabu Aileen Rizo aliajiriwa mwaka 2009 na ofisi ya elimu ya Fresno, na mshahara wake ukapimwa kwa ule wa zamani. Mwaka 2012 alipata habari kwamba mwanamume aliyeajiriwa nyuma yake analipwa zaidi kwa kazi ile ile. Akashtaki. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ilikata kwamba mshahara wa zamani si sababu ya kumpunja mwanamke kwa kazi iliyo sawa. Tena, tangu Januari 2018 sheria ya California yawakataza waajiri kuuliza swali hilo, na yawalazimu kutaja kiwango cha mshahara mwombaji akiuliza.

Waajiri watasema, "Tutajuaje kama mtu atakubali malipo yetu?" Jibu ni jepesi: watangulie kuyataja. Aletaye mkungu wa ndizi sokoni hulipwa kwa ndizi zilizopo, si kwa bei aliyokubali jana jioni mvua ikinyesha.

Vijana, msiseme uongo. Jibuni kwa adabu: "Bwana, naomba kujua kazi hii imewekewa mshahara gani." Nanyi wanafunzi wa zamani mlio na ofisi zenu, tazameni fomu zenu. Mkiuona mstari huo, ufuteni.

Mimi, mwanafunzi wa zamani.