Pikipiki ya Zahanati Nayo Inataka Oili

NJIA YA VUMBI
Na Tumaini Kapinga

Kila kiangazi barabara zetu hupata wageni wa aina yake. Wanakuja na pikipiki kubwa zenye masanduku ya bati ubavuni, wengine wameanzia Cairo, wengine Nairobi, wote wanaelekea Cape Town. Wengi wao hawatembei kwa starehe tu. Ndugu na marafiki huko kwao wamechangia kila kilomita, na fedha hizo zitachimba kisima, zitanunua madawati au zitamnunulia pikipiki muuguzi wa kijiji kisichofikika kwa gari. Nawaheshimu sana watu hawa. Mtu anayekubali kumeza vumbi wiki nzima ili mtoto asiyemjua apate chanjo anastahili asante yetu. Ombi langu kwao ni moja: pikipiki wanayoikabidhi waijali kama wanavyoijali wanayoipanda.

Mwaka 2007 waigizaji wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman, waliondoka John o' Groats kule Scotland, wakaishusha Afrika yote hadi Cape Town, wakipita pia Kenya, Uganda, Rwanda na hapa Tanzania. Safari hiyo ilioneshwa kwenye televisheni kwa jina la Long Way Down, na ilisaidia mashirika kadhaa, likiwemo Riders for Health. Nyuma yao yalifuata magari ya msaada. Wala hakuna ubaya. Anayetaka kuvuka Afrika kwa pikipiki na kufika salama lazima ajipange kwa spea, kwa mafuta na kwa mtu wa kumwokoa akikwama.

Sasa mtazame muuguzi wetu. Yeye havuki Afrika, lakini njia yake ni ile ile kila wiki, masika na kiangazi: mchanga, tope, makorongo, daraja la magogo. Kwa mwaka mmoja au miwili anaweza kumaliza kilomita nyingi kama za yule msafiri, tena amebeba kiboksi cha chanjo ambazo nyingi zinatakiwa zikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Barafu haimsubiri mtu anayesukuma pikipiki. Na nyuma yake hakuna gari lolote.

Niliwahi kupita kwenye zahanati moja ya kusini nikaikuta pikipiki imeegemezwa ukutani, tairi zimekaa chini. Kwa macho ungesema bado mpya. Fundi wa pale kijijini alipofungua eafilta na kuigonga kwenye tofali, vumbi lilimwagika kama unga wa mashineni.

“Hii haikuharibika, mwanangu,” akaniambia. “Hii imeachwa.”

Alinieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi bila kusikilizwa. Eafilta ikiziba na kuchanika, injini inavuta vumbi. Vumbi linakula ringi na silinda. Moshi wa bluu unaanza, oili inapungua, mwenye pikipiki haambiwi na mtu kwamba aongeze, na siku moja injini inakamata. Kitu cha bei ya chini kabisa kimeua mashine nzima. Kuanzia hapo muuguzi alikuwa anakodi bodaboda kwa fedha yake kwenda kliniki ya mkoba. Fedha ilipokosekana, kliniki haikwenda.

Riders for Health yenyewe ilizaliwa na jambo hili hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Randy Mamola, dereva wa Kimarekani wa mashindano ya pikipiki aliyekuwa akichangisha fedha kwa ajili ya watoto wa Afrika, alifika Somalia pamoja na mwandishi wa habari Mwingereza, Barry Coleman. Walikuta vyombo vya usafiri vya afya vimelala kwa kukosa vitu vidogo na mtu wa kuvibadilisha. Coleman na mkewe Andrea, ambaye naye aliwahi kushindana kwa pikipiki, wakaamua kushughulikia hapo, na nchi kama Lesotho, Zimbabwe na Gambia zikanufaika. Lesotho ni milima mitupu, na huko wapanda pikipiki wamekuwa wakibeba sampuli za damu na makohozi kutoka vituo vya vijijini hadi maabara, na kurudi na majibu.

Utaratibu wao ni wa kawaida sana, na ndiyo maana naupenda. Mpanda pikipiki anafundishwa kuendesha na pia kukagua kila siku: oili, cheni, breki, upepo wa tairi. Sevisi inafanywa kwa ratiba, na kipuri kinabadilishwa kabla hakijafa njiani. Gharama zote zinapigwa kwa kilomita moja, kuanzia mafuta na tairi hadi akiba ya kununua pikipiki nyingine hii itakapochoka. Atakayelipa anajua mapema analipia nini.

Hapa lawama si ya wageni peke yao. Sisi wenyewe tunapenda sherehe ya makabidhiano: utepe, hotuba, funguo zinapokelewa kwa mikono miwili, picha. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na nilifurahi, kwa sababu afisa ugani asiye na usafiri ni jina tu kwa mkulima wa kijiji cha mbali. Lakini pikipiki za mwaka ule sasa zimekula miaka. Cheni na spoketi za mwanzo, kwa barabara zetu, haziwezi kuwa bado nzima.

Kwa hiyo msafiri anayechangisha, aseme kwa wachangiaji wake wazi: nusu ya fedha ni pikipiki, nusu ni kuiweka barabarani kwa miaka mitatu, pamoja na mafunzo ya fundi aliye jirani na zahanati. Kama fedha hazitoshi pikipiki kumi, anunue tano. Na madiwani, bajeti ya halmashauri ikifika mezani, watafute mstari wa matengenezo ya pikipiki za afya na kilimo. Wakiukuta mtupu, wasiipitishe.